Mafuvu juu ya pikapu: je, urembo unaua sauti ya gitaa?

*Shikamoo fundi. Gitaa langu lina hambaka mbili (zile pikapu za koili mbili) zisizo na kava. Nimeagiza kava mbili za shaba ya manjano zilizochongwa mafuvu, zenye rangi ya dhahabu iliyochakaa, na macho ya mafuvu yametobolewa kabisa. Mwenzangu wa bendi anasema kava za urembo zinaua sauti. Muuzaji anasema hakuna tofauti yoyote. Nimeona pia kava za mbao, za plastiki inayowaka gizani, na watu wanaoweka taa ndani ya macho ya fuvu. Nani mkweli kati yao? Na nikizifunga mwenyewe, nifanyeje nisiue pikapu?*

Marahaba, kijana wangu. Mwenzako ana nusu ya ukweli na muuzaji ana nusu, ila nusu hizo hazitoki kwenye kitu kimoja. Fuvu halina kosa. Chonga fuvu, buibui, waridi, jina la mama yako: pikapu haioni picha. Inachokijua ni metali gani imekaa kati yake na nyuzi, ina unene gani, na kama imeungwa na ethi, ule waya wa saketi unaomeza kelele za umeme. Ungeniletea kava tupu isiyo na mchoro hata mmoja, lakini ya shaba hiyohiyo, ningekujibu hivihivi.

(Kama umefika hapa ukitafuta gari la kubebea mizigo, samahani. Pikapu yetu ni kile kidude kilichokaa chini ya nyuzi za gitaa.)

Ndani yake kuna sumaku, na kuna waya wa shaba nyekundu mwembamba kama unywele, milimita 0.063 hivi, uliozungushwa maelfu ya mara; mzingo huo ndio koili. Hambaka za mtindo wa zamani zina mizunguko ipatayo 5,000 kwa kila koili. Pikapu ya koili moja ya gitaa la Stratocaster hukaribia 8,000. Sumaku huufanya uzi wa chuma ulio juu yake uwe nao sumaku kidogo. Uzi ukitikisika, uga wa sumaku unaopita kwenye koili hutikisika pamoja nao, na waya huzaa umeme. Umeme huo ndio sauti yako.

Sasa funika mahali hapo kwa bamba la metali. Bamba nalo ni kama waya wenye mzunguko mmoja mnene. Uga ukitikisika ndani yake, huzaliwa vijimkondo vinavyojizungukia vyenyewe kama maji ya kizingia, na wahandisi huviita mikondo ya edi. Vijimkondo hivyo hutengeneza uga wao unaopingana na ule uliovizaa. Mtikisiko ukiwa wa polepole, kama wa nyuzi za besi, upinzani ni mdogo mno. Ukiwa wa kasi, upinzani unakua. Ndiyo maana kava mbaya haipunguzi sauti yote kwa pamoja. Inakula makali ya juu: ule mlio wa kioo unaposhika akodi safi, ile ncha ya plektra inapogusa uzi. Mtu anasikia gitaa limevaa shuka.

Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu urembo wowote ni hili: unapitisha umeme kiasi gani? Chukua shaba nyekundu kuwa kipimo. Alumini hupitisha asilimia 60 hivi ya kile inachopitisha shaba nyekundu. Shaba ya manjano, ambayo ndiyo ya kava zako, iko karibu na robo, kutegemea kiasi cha zinki kilichochanganywa. Nikeli-silva hupitisha kama asilimia 6 tu. Usidanganywe na jina hilo, haina hata chembe ya fedha. Ni shaba, nikeli na zinki. Ndiyo maana kava nzuri za hambaka hufinyangwa kwa nikeli-silva yenye unene wa nusu milimita hivi, kisha hupakwa nikeli, kromu au dhahabu juu. Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliyebuni hambaka iliyoombewa hataza mwaka 1955, alijua hesabu hii. Alitaka kava ya metali izuie kelele za umeme kutoka nje, lakini isiibe sauti.

Linganisha tena namba hizo mbili na utaona mwenzako wa bendi ametoa wapi hofu yake. Shaba ya manjano hupitisha umeme mara nne au zaidi ya nikeli-silva. Tofauti hiyo inasikika, wala huhitaji masikio ya popo. Na kwa kuwa viwanda vingi vya kava za bei nafuu hutumia shaba ya manjano, maana inafinyangika na kuchongeka kirahisi, urembo umebebeshwa lawama za metali.

Kabla ya kuhukumu, hakikisha kwanza una nini mkononi. Maelezo ya dukani hayatoshi. Geuza kava, chukua ncha ya kisu, kwaruza kidogo kwenye kona ya ndani hadi upite rangi ya juu. Ukiona njano, ni shaba ya manjano. Ukiona weupe wa kijivu, yaelekea ni nikeli-silva. Kisha ining'inize kava kwa uzi wa kushonea na uisogezee sumaku. Ikivutwa kwa nguvu, kuna chuma ndani, na hiyo usiifunge kabisa, hata ingekuwa imechongwa na malaika. Chuma hakiishii kuzaa vijimkondo. Kinauvuta uga wa sumaku na kuupitishia pembeni kabla haujafika kwenye nyuzi. Ila usishtuke ukiona inasogea kidogo sana: nikeli yenyewe huvutwa na sumaku, na utando wake mwembamba juu ya shaba unaweza kuonyesha dalili hiyo bila madhara ya maana.

Kuna metali moja ambayo karibu ingekuwa bora kuliko zote, nayo ni zile aina za chuma kisichoshika kutu ambazo hazivutwi na sumaku. Hupitisha umeme kidogo kuliko hata nikeli-silva. Lakini ni ngumu kufinyanga, na lehemu inaikataa kama maji kwenye jani la myugwa. Ukiipata imetengenezwa vizuri, ichukue.

Turudi kwenye mafuvu yako. Nikisikia shaba ya manjano nanuna, lakini nikisikia macho yametobolewa, uso unakunjuka. Vijimkondo vile vinahitaji njia ya kuzunguka. Kila tundu linakata njia mojawapo na kuvilazimisha vipite kwa shida. Kava yenye matundu makubwa, hasa yaliyo juu ya koili na siyo pembeni, hula makali kidogo kuliko kava nzima ya metali ileile. Mchoro uliokwaruzwa juujuu kwa leza haubadilishi kitu. Mchoro uliokatwa ukapenya hadi ndani unasaidia. Yaani katika jambo lako, kadiri fuvu linavyozidi kuwa la kutisha, lenye macho makubwa na meno yaliyoachana, ndivyo sauti inavyopona.

Ningefanya nini kama gitaa ni langu? Ningefunga fuvu la shaba darajani, yaani kwenye pikapu iliyo karibu na mahali nyuzi zinapoishia mwilini, na nisingelia. Pikapu ya darajani ina makali ya ziada. Wapigaji wengi huishia kuyapunguza kwa nobu ya toni, na chini ya distosheni nzito, ile sauti inayokwaruzwa makusudi, kava ile inaweza hata kulainisha ule ukwaruzo unaochosha masikio. Shingoni ningesita. Pale sauti ni nene tangu asili, na ukiiondolea makali machache iliyonayo inabaki uji. Kwa pikapu ya shingoni tafuta fuvu lilelile katika nikeli-silva, au iache wazi. Kama huwezi kuvumilia gitaa lenye fuvu moja, basi jaribu kwanza kwa njia nitakayoeleza, kisha uamue kwa masikio yako.

Njia yenyewe haihitaji lehemu. Legeza nyuzi, zisogeze pembeni, vika kava juu ya pikapu bila kuiunga popote, ibane kwa utepe, kisha kaza nyuzi na urekodi. Sauti safi, bila distosheni, akodi zilezile, nguvu ileile ya mkono. Vijimkondo havisubiri lehemu, kwa hiyo utakachokisikia ndicho utakachokipata, ukiacha mvumo kidogo kwa kuwa kava haijaungwa na ethi. Halafu mwombe mtu akuchezee rekodi zote mbili bila kukwambia ipi ni ipi. Wengi walionijia wakiapa kwamba kava imeua gitaa lao wamenyamaza hapo. Wengine hawakunyamaza, na walikuwa sahihi.

Kosa moja huharibu jaribio hili: umbali. Kava ina unene, na pikapu ikisogea mbali na nyuzi sauti inapungua haraka. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, pima kutoka chini ya uzi hadi juu ya kichwa cha skrubu ya pikapu iliyo chini yake, andika namba. Milimita 2 upande wa nyuzi nyembamba na 2.5 upande wa nyuzi nene ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukishavika kava, irudishe pikapu kwenye umbali uleule. Nusu ya ugomvi kuhusu kava, kwa maoni yangu, ni ugomvi kuhusu bisibisi ambayo hakuna aliyeishika.

Mwenzako akikuambia kwamba pikapu ya kweli haina mapambo, msimulie historia kidogo. Sura ya pikapu haijawahi kuwa kazi ya wahandisi peke yao. Katika miaka ya 1950 Nathan Daniel wa Danelectro, huko Marekani, alichukua mikebe ya rangi ya midomo, ile ya akina mama, akaweka sumaku na koili ndani, akafunga kwenye magitaa ya bei nafuu. Alitafuta kitu rahisi kilicho tayari, akapata sura ambayo watu bado wanaitafuta hadi leo. Rickenbacker walitoa pikapu yenye mistari ya metali juu, nayo ikabatizwa jina la kibaniko cha mkate kwa jinsi inavyofanana nacho. Kava za Filter'Tron, hambaka za kampuni ya Gretsch zilizobuniwa na Ray Butts na kuanza kuuzwa mwaka 1957, zinatambulika ukiwa umekaa viti vya nyuma kabisa vya ukumbi.

Kisha zipo zile za karatasi ya dhahabu. DeArmond walizitengeneza kwa ajili ya magitaa kama Harmony, na Teisco wa Japani nao wakawa na zao: kava yenye matundu ya urembo, na chini yake utando unaometameta kama karatasi ya peremende. Utando ule haufanyi kazi yoyote ya kisauti. Uliwekwa ili gitaa la bei ndogo ling'ae dirishani. Kwa miaka mingi watu walizicheka, hadi mpiga gitaa Mmarekani Ry Cooder alipochomeka moja ya Teisco kwenye shingo ya Stratocaster yake, na ghafla kila mtu akagundua kwamba chini ya ule urembo wa dukani kulikuwa na sauti ya kipekee, inayotoka kwenye sumaku na koili. Leo watu hulipa ghali kwa pikapu mpya zenye sura ile, na baadhi yake ndani ni hambaka ya kawaida iliyovaa nguo ya kuazima. Hapo uliza muuzaji swali moja tu: ndani kuna nini?

Hata hambaka yenyewe, kitu kinachoonekana kama uhandisi mtupu, ina urembo usoni. Zile skrubu sita zinazoonekana juu ya kava hazikuwa wazo la Lover. Alisimulia baadaye kwamba muundo wake wa kwanza haukuwa nazo. Watu wa mauzo walizitaka ili wawe na kitu cha kuwaeleza wateja. Na rangi? Plastiki nyeusi ya bobini, kile kigogo kinachozungushiwa waya wa koili, ilipoadimika mwishoni mwa miaka ya 1950, Gibson walitumia ya krimu, kwa kuwa kava ingeificha hata hivyo. Miaka ya 1960 wapigaji wakaanza kuvua kava kutafuta makali zaidi, wakakuta bobini moja nyeusi na moja ya krimu, au zote mbili za krimu. Ajali ya ghalani ikageuka kuwa urembo unaosakwa. Kampuni ya DiMarzio, iliyoanza biashara ya pikapu za kubadilishia katika miaka ya 1970, ilizipenda krimu mbili kiasi cha kuzisajili kama alama yake ya biashara Marekani, ndiyo maana kwa miaka mingi watengenezaji wengine huko hawakuziuza wazi hivyo. Ilisajiliwa rangi, siyo sauti.

Na kuna mfano wa kinyume, ninaoupenda kuliko yote. Kampuni ya Lace ina pikapu iitwayo Alumitone inayoonekana kama mifupa ya alumini, fremu tupu yenye uwazi katikati. Mtu akiiona kwa mara ya kwanza hudhani ni kava ya kisanii. Kumbe ile alumini ndiyo inayofanya kazi: fremu ni kitanzi kimoja kinene kinachoruhusu mkondo mkubwa kuzunguka, kisha koili ndogo iliyo pembeni hukigeuza kuwa umeme wa kupeleka kwenye amplifaya. Vijimkondo vilevile vinavyokuibia sauti kwenye kava ya shaba, wale jamaa wamevifanya waajiriwa.

Vifaa vingine ulivyovitaja nitavipitia kwa haraka, isipokuwa taa.

Mbao haipitishi umeme, kwa hiyo haili makali. Inachokula ni umbali. Kava ya mbao yenye milimita 3 juu ya vichwa vya sumaku hulazimisha pikapu ikae mbali, na huwezi kuipandisha bila mbao kugusa nyuzi. Tafuta iliyochongwa hadi ikawa nyembamba kabisa juu, au inayoacha vichwa vya sumaku vichomoze. Mbao pia haizuii kelele za umeme. Kwenye hambaka hilo silo jambo kubwa, ila kwenye koili moja utausikia mvumo. Unga wa kuwaka gizani haudhuru chochote, na vivyo hivyo vito vya kioo, mradi visigonge nyuzi unapozipinda. Dhahabu ya utando iliyobandikwa kwa gundi ni nyembamba mno kuweza kuathiri sauti. Kiganja chako kitaimaliza kabla haijafanya ubaya.

Kava zilizochapwa kwa mashine ya 3D zina mitego miwili. Wa kwanza ni plastiki yenye unga wa chuma ndani, inayouzwa kwa sababu hushika kutu ya kupendeza. Inapendeza kweli, na inavutwa na sumaku. Wa pili niliuona kwa macho yangu mwenyewe, nikiwa ndiye mkosaji. Nilichapa kava nzuri ya PLA, plastiki ya kawaida ya mashine hizo, yenye sura ya kinyago, nikaivika pikapu, nikaizamisha yote kwenye nta ya moto. PLA hulainika karibu na nyuzijoto 60. Nilitoa kitu kinachofanana na ndizi iliyoiva kupita kiasi, kimeikumbatia pikapu ya mteja. Tangu siku hiyo napaka nta pikapu kwanza, naiacha ipoe, kava ya plastiki inafuata baadaye kwa tone la silikoni.

Resini ya kumimina, yenye maua au mchanga ndani, ni nzuri kwa kava iliyotengenezwa pembeni. Usiimimine moja kwa moja juu ya koili. Inatoa joto ikikauka, inanywea, na ule waya mwembamba ukikatika ndani yake hakuna wa kuufikia tena.

Taa sasa. Mtu mmoja aliniletea gitaa lenye fuvu la macho mekundu. Kazi safi, na macho yalikuwa yanafifia na kuwaka polepole kama mtu anayepumua. Kila yalipofifia, amplifaya ililia kama mbu. Kosa lilikuwa kwenye saketi ya kufifisha: haipunguzi umeme, bali huwasha na kuzima taa mara nyingi sana kwa sekunde, na mapigo hayo yalikuwa yanapita sentimita moja kutoka kwenye koili iliyoundwa kunasa mitikisiko midogo kuliko hiyo. Nilitoa saketi, nikaweka LED (vitaa vidogo) mbili nyekundu kwa mfuatano, betri ya volti 9 na rezista ya omu 1,000. Mkondo ni kama miliampia 5, umetulia tuli, na mbu akafa. Macho hayapumui tena. Mwenyewe alisikitika kidogo. Ukitaka taa, fuata njia hiyo. Nyaya zake zisokote pamoja, zipitishe mbali na waya wa sauti, na utumie jeki (tundu la kebo) ya stereo ili betri izimike unapochomoa kebo, kama ilivyo kwenye magitaa ya pikapu zinazotumia betri.

Haya, kufunga. Pima omu za pikapu, yaani upinzani wake wa umeme, kabla ya kugusa kitu. Ukipata kilo-omu 8 leo, uipate 8 baada ya kazi. Ikishuka sana, kava imegusa waya, na ikiwa haisomi kabisa, umekata. Vika kava kwanza bila nta wala lehemu uone kama inaingia bila kulazimisha. Hambaka zilizozaliwa bila kava wakati mwingine zina utepe mnene pembeni au bobini pana, na ukisukuma kwa kidole gumba ndipo waya hukatika. Angalia pia nafasi kati ya tundu la kwanza la skrubu na la mwisho: kuna kava za milimita 49 hivi na za 52 hivi, na haziingiliani. Kwa kava isiyo na matundu ya skrubu itakubidi uteremshe skrubu zote au uzitoe.

Bandika utepe wa karatasi kuzunguka koili kama haupo. Kisha nta. Kava iliyolegea juu ya hambaka hupiga yowe ukizidisha sauti, kwa sababu bamba linatikisika lenyewe na pikapu inalisikia. Sehemu nne za nta ya mishumaa kwa moja ya nta ya nyuki, kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Joto lisizidi nyuzi 65, kipimajoto kikiwa ndani. Izamishe pikapu ikiwa imevaa kava ya metali, subiri hadi mapovu yaishe, itoe, ibane kava na bamba la chini zishikane hadi ipoe. Nta iliyobaki juu ya mafuvu utaifuta kwa kitambaa, na ile iliyoingia katikati ya meno kwa kijiti.

Mwisho lehemu, nukta mbili, moja kila upande, kuunganisha ukingo wa kava na bamba la chini. Hapa rangi yako ya dhahabu iliyochakaa itakusumbua: mara nyingi ni vanishi juu ya metali, na vanishi ni kihami, haipitishi umeme. Ikwangue kwa msasa pale utakapolehemu, vinginevyo utapata kava iliyoshikwa lakini haijaungwa na ethi, itakayokoroma kila ukiigusa. Kromu nayo huikataa lehemu, ikwangue vilevile. Tumia pasi ya lehemu yenye nguvu, wati 60 au zaidi, na uguse kwa muda mfupi. Pasi dhaifu inayokaa nusu dakika hupeleka joto lote kwenye bobini. Kisha weka ncha moja ya mita ya kupimia omu kwenye kava na nyingine kwenye waya wa ethi. Isome karibu na sifuri.

Jambo moja bado, na hili hakuna muuzaji atakalokuambia. Umesema umeagiza kava mbili zinazofanana. Kwa kawaida hambaka ya shingoni hukaa na safu ya skrubu ikielekea shingo, na ya darajani hukaa na skrubu zikielekea daraja. Matundu ya skrubu kwenye kava yako yako upande mmoja tu wa fuvu. Maana yake, ukilisimamisha gitaa kwenye stendi yake, fuvu moja litasimama wima na jingine litakuwa kichwa chini. Itazame tena picha ya bidhaa, matundu yako utosini au kidevuni. Kama wanauza jozi iliyogeuzwa, badilisha agizo leo. Kama hawauzi, pikapu mojawapo inaweza kuzungushwa nusu duara ndani ya fremu yake; ukitumia koili zote mbili tofauti ni ndogo, ila kama una swichi ya kukata koili moja, sauti iliyokatwa itabadilika, kwa kuwa koili inayobaki itakuwa imehamia upande wa pili. Wapo pia wanaoliacha fuvu la darajani kichwa chini. Mpigaji akiwa amelivaa gitaa, mafuvu yote mawili yamelala ubavu hata hivyo.